Ndege ya Saa Mbili

"Mzigo uko kwenye ndege ya saa mbili."

Kikafuata kishindo, breki za gari, kisha kimya.

Rula alichomoa spika ya sikioni. Rekodi hiyo alikuwa ameisikiliza mara kumi na moja tangu alfajiri. Aliyesema maneno hayo alikuwa mpima mizigo wa uwanja wa ndege, mtoa habari wao wa miaka mitatu, mtu mpole asiyegombana hata na mzani wake. Jana jioni alipiga simu akiwa kando ya barabara, akasema sentensi hiyo moja, na gari lisilo na namba likamgonga na kuondoka. Sasa alikuwa hospitalini, hajitambui.

Saa moja na dakika tano asubuhi.

Ukumbi wa abiria wa uwanja mkuu ulinukia kahawa na sabuni ya kudekia. Nje ya kioo, jeti ya saa mbili ilikuwa imeegeshwa. Wafagiaji watatu waliingia na kutoka ndani yake wakiwa na mifagio mipya mno. Mmoja wao alikuwa akiushika wake kama bunduki, na Rula aliona aibu kwa niaba ya ofisi nzima ya upelelezi.

Simu ilitetemeka.

"Rula."

"Mkuu."

"Ya saa mbili?"

"Abiria themanini na wanne. Tumepekua viti, vyoo na jiko lao."

"Mizigo?"

"Tumefungua mpaka begi la rubani. Tumekuta soksi."

"Pekueni tena."

"Tumepekua mara mbili, Mkuu."

"Basi hii iwe ya tatu. Bamba hizo zikivuka mpaka, wewe na mimi tutakuwa wafagiaji kweli kweli."

Akakata.

Hakuwa anatia chumvi. Siku tatu zilizopita, bamba mbili za chuma za kuchapia pasipoti zilitoweka kwenye kiwanda cha uchapaji cha serikali. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa daftari. Mwenye nazo angeweza kumfanya jambazi yeyote duniani kuwa raia kabla ya chakula cha mchana. Mnunuzi alijulikana kuwa mgeni kutoka nje, lakini mahali alipo hapakujulikana.

Rula hakungoja upekuzi wa tatu. Aliteremka ngazi za nyuma, akaonyesha kitambulisho cha bima, akaingia banda la mizigo.

Ofisini walimwita Rula kwa sababu hakuna ramani aliyokutana nayo asiipime. Nyumbani ilijulikana kuwa binti huyu ni karani wa ramani, kazi ya kukaa, kazi ya amani. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliwaambia majirani hivyo kwa fahari. Shemeji yake, mume wa dada, alimtania kuwa atazeeka akiwa na wino vidoleni.

Mtu aliyefanya kazi meza moja na mpima mizigo alikuwa mwanamke mnene, mwenye vibandiko vimemganda mpaka kwenye mikono ya koti. Wote walimwita Mama Lebo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa polisi au wa bima?"

"Wa bima."

"Haya. Sijawahi kuona mtu wa bima mwenye viatu vya kukimbilia." Alibandika lebo kwenye boksi la maua. "Mwenzangu vipi? Kaamka?"

"Bado."

Mama Lebo alijifuta jicho kwa kiwiko, na lebo moja ikabaki shavuni. Rula aliona kuwa huzuni ile ilikuwa ya kweli. Hata hivyo aliendelea kuitazama mikono yake, maana kazi ilimfundisha kutazama mikono hata ya anayelia.

"Alituambia kuna mzigo mbaya kwenye ndege ya saa mbili," alisema. "Tumeipekua yote, hakuna kitu."

"Mmeipekua saa ngapi?"

"Sasa hivi. Si ile pale?"

Mama Lebo aligeuza shingo, akaitazama jeti, akamrudia Rula usoni.

"Ile? Ile siyo ya saa mbili. Ile ya saa moja."

"Mama, inaondoka saa mbili kamili. Imeandikwa ubaoni."

"Inaondoka saa mbili, sikatai. Lakini ni ya saa moja." Alishusha pumzi. "Mwanangu, mambo ya kuondoka ni ya abiria. Sisi huku tunahesabu muda wa njiani. Maua yananyauka, vifaranga vinakufa. Jeti inatumia saa moja kufika mpakani, basi ni ya saa moja. Ile kuukuu ya pangaboi inatumia saa mbili. Ni ya saa mbili. Banda zima tunaongea hivyo."

Rula aliinamia meza ya lebo.

"Na hiyo ya saa mbili inaondoka saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

Casio ya mkononi ilisema saa moja na dakika ishirini na mbili.

Asiyejua maana haambiwi maana. Ofisi nzima, yenye mitambo ya kunasa sauti na wataalamu wa mafumbo wenye miwani minene, ilikuwa imekesha ikisikiliza neno la mpima mizigo kwa masikio ya abiria.

"Kwa nini inatumia saa mbili?" aliuliza. Ukutani kulikuwa na jedwali la safari. Uwanja mkuu hadi uwanja wa mpakani, kilomita mia sita na kumi na mbili.

"Imezeeka tu."

"Rubani wake nani?"

"Si yule mcheshi mwenye kovu kidevuni? Huwezi kukaa naye dakika mbili hujacheka."

Rula alijua kovu hilo. Alijua hata baiskeli iliyoliacha.

Rubani alikuwa shemeji yake.

Jumapili iliyopita, mezani kwa dada, alikuwa amejisifu mdomo ukiwa umejaa: "Kilomita mia nne na thelathini kwa saa, shemeji, na wala haikohoi." Ni yeye aliyemfundisha Rula hesabu hiyo akiwa darasa la tano, rula ya mbao juu ya ramani ya shule. Umbali, gawanya kwa mwendo.

Akagawanya. Dakika themanini na tano. Akaongeza kumi za kupaa na kutua. Tisini na tano.

Ndege ilitumia mia na ishirini. Kila wiki.

Dakika ishirini na tano zilikuwa zikipotea angani, na aliyeshika usukani ni mume wa dada yake. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hii ilikuwa imezidi urefu. Rula alimfikiria dada yake akiwapigia watoto pasi nguo za shule. Kama ni kweli, pingu angezivisha yeye mwenyewe, kisha angeenda kwa dada kusema nini?

Kikulacho ki nguoni mwako.

Alikimbia.

Mapangaboi yalikwisha kuanza kuzunguka alipofika. Alipiga ngumi kwenye mlango wa ndege. Kichwa chenye kovu kidevuni kilichungulia kwenye kidirisha.

"Shemeji! Nani anakukimbiza?"

"Bosi wangu! Natakiwa mpakani asubuhi hii na jeti imejaa!"

Shemeji alisita kidogo. Rula alikuhesabu kusita huko. Sekunde mbili.

"Haya, panda. Ila usimwambie dada yako nimekubeba bila tiketi."

Ndani, nyuma ya nyavu za mizigo, fundi wa ndege alikuwa amekaa juu ya kreti, njiti ya kiberiti mdomoni. Kreti ilikuwa na maandishi: VIPURI VYA PAMPU. Rula alimsalimia. Fundi alihamisha njiti kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine, basi.

Rula alikaa kiti cha nyuma ya rubani, akavaa moja ya hedifoni tatu zilizotundikwa ili asikie juu ya kelele za injini. Ndege ikapaa saa moja na nusu kamili. Shemeji alipiga mluzi. Alikuwa na furaha, au alitaka aonekane ana furaha. Rula alimjua mtu huyu kwa miaka ishirini, na sasa hakujua lipi ni lipi.

Walipomaliza kupanda juu, alitazama dira.

Nyuzi kumi na nane kushoto kwa mstari wa kwenda mpakani.

"Shemeji, mbona tumekata kushoto?"

Mluzi ulikoma.

"Upepo."

Uongo. Mfuko wa upepo kule uwanjani ulikuwa umening'inia tu, haukuwa na hata dalili ya kujaa.

Rula aliingiza mkono ndani ya koti, akaishika bastola yake, Glock, akaielekeza kwenye mgongo wa kiti. Upande wa pili wa kiti kile ulikuwepo mgongo uliombeba hadi hospitali akiwa na miaka tisa, homa imempanda, mvua inanyesha.

"Kilomita mia sita na kumi na mbili," alisema. "Mwendo mia nne na thelathini. Na kupaa na kutua, dakika tisini na tano. Wewe unatumia saa mbili. Hizo dakika ishirini na tano unazipeleka wapi?"

Shemeji alikaza mikono kwenye usukani.

"Siruhusiwi kusema."

"Na nani?"

"Na serikali."

Rula nusura acheke. Shemeji alitia mkono mfuko wa shati, taratibu, na kidole cha Rula kikagusa kifyatulio cha Glock. Ilikuwa barua. Imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo kwa kusomwa mara nyingi.

Aliisoma kwa mkono mmoja.

Juu ilikuwa na nembo ya ofisi yake mwenyewe. Ilimwagiza rubani atue kila wiki kwenye kiwanja cha mgodi uliofungwa, ashushe vipuri vya mradi wa siri wa taifa, asimwambie mtu yeyote, hata mkewe. Chini kulikuwa na muhuri, sahihi, na anwani. Chumba namba 312.

Jengo lao lilikuwa na ghorofa mbili. Chumba cha mia tatu na kumi na mbili kingekuwa ndani ya tangi la maji.

"Nani alikupa?"

"Fundi. Alisema katumwa na watu wa ofisi hiyo." Alimtazama kwa jicho la pembeni, kwa namna ya mtu anayengoja mwenzake acheke kwanza. "Nembo hiyo huijui?"

"Karani wa ramani ataijulia wapi?"

"Haya."

Inawezekana amedanganywa, aliwaza Rula. Inawezekana pia barua ni kinga yake, ya kuonyesha siku akikamatwa. Mshukiwa yeyote mwenye akili huwa na karatasi mfukoni. Alihitaji kitu ambacho mtu hawezi kukitengeneza papo kwa papo.

"Mgodini unakaa chini dakika ngapi?"

"Kumi na moja. Injini hatuzimi."

Alijibu bila kufikiri. Rula akapiga hesabu. Kuna kilomita mia tatu hadi mgodini, na mia tatu na arobaini kutoka hapo hadi mpakani. Kona hiyo inaongeza dakika nne. Kutua na kupaa mara ya pili, kumi. Kukaa chini, kumi na moja.

Nne, na kumi, na kumi na moja.

Ishirini na tano. Hakuna iliyobaki ya kupeleka kwingine.

"Kitabu cha safari kiko wapi?"

"Hapo miguuni."

Alikifungua. Wiki baada ya wiki, kwa mwandiko uleule uliomfundisha kugawanya, shemeji alikuwa ameandika: Mgodini, dk. 11, kazi ya taifa. Ametia sahihi kila mara. Chini ya moja alikuwa ameongeza: Mungu ibariki nchi yetu.

Mhalifu haandiki hivyo. Mtu aliyeona fahari ndiye huandika hivyo.

Saa mbili kasoro dakika kumi na tatu, Rula alitoa kidole kwenye kifyatulio. Pumzi iliyomtoka ilikuwa ndefu mpaka ikasikika kwenye hedifoni.

"Hesabu nzuri," ilisema sauti nyingine humo humo.

Alikuwa ameisahau hedifoni ya tatu.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yake, bastola mkononi, njiti ya kiberiti mahali pake.

"Mikono juu, karani. Rubani, endelea kushoto. Ukinyoosha njia, ukoo wako unapungua mtu mmoja."

Rula aliinua mikono. Shemeji hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imeloa jasho.

"Shemeji," alisema polepole, "unaikumbuka baiskeli?"

Rula aliikumbuka. Alikuwa na miaka minane, kilima cha nyuma ya nyumba, na shemeji anakimbia kando yake akipiga kelele: ukiona mambo yameharibika, angukia kushoto! Siku hiyo alianguka kulia, juu ya shemeji, na kovu la kidevuni likazaliwa.

Safari hii aliangukia kushoto.

Shemeji aliilaza ndege ubavu kwa nguvu zake zote.

Fundi alipaa. Alijibamiza kwenye dari, akarudi chini kwa bega, na bastola ikafyatuka ikatoboa boksi la maua. Rula alikuwa amekwisha kuzikamata nyavu. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa karibu. Aliung'oa, akaushusha mara moja kwenye kifundo cha mkono, mara ya pili kwenye tumbo. Bastola ikateleza chini ya viti.

Ndege iliponyooka, Fundi alikuwa chini ya goti la Rula, amefungwa mikanda ya mizigo kuanzia mabegani hadi vifundoni, na njiti imemtoka mdomoni.

"Umeumia?" shemeji aliita.

"Hapana. Maua yamekufa."

Alivunja kreti kwa spana. Juu kulikuwa na vipuri vya pampu, vya kweli, vyenye kutu. Chini yake, ndani ya taulo ya kuogea, bamba mbili za chuma zilimulika.

Alitoa simu ya setilaiti, Thuraya, akainyoosha antena kuelekea dirishani.

"Mkuu. Bamba ninazo."

"Uko wapi?"

"Futi elfu kumi na nne."

"Una utani asubuhi yote hii. Mnunuzi?"

"Anangoja kiwanja cha mgodi uliofungwa. Nahitaji helikopta."

"Iko karakana, imefunguliwa tumbo."

"Basi nitatumia hii. Nipe askari kumi na wawili uwanja wa mpakani, saa tatu na dakika kumi. Tunawapakia, tunarudi mgodini nao."

"Na rubani? Ni wa kwao?"

Rula aliitazama ile shingo yenye jasho.

"Ni wa kwetu."

"Una hakika?"

"Nimempima."

Alipokata tu, kitu kilikoroma kiunoni mwa Fundi. Redio. Rula aliichomoa, akamwekea Fundi mtutu wa Glock chini ya sikio, akabonyeza.

"Fundi, hujambo," ilisema sauti ya mgeni, kila neno limepigwa pasi. "Mimi ni mzima. Je, mtawasili saa ngapi?"

"Mwambie tairi limepasuka, mmerudi," Rula alinong'ona. "Saa nne na robo. Neno la ziada, nakushusha hapa hapa tulipo."

Fundi alisogeza mdomo kwenye redio. "Bosi, tairi limepasuka. Tumerudi. Tutafika saa nne na robo."

Redio ilikoroma.

"Saa nne na robo," ilirudia sauti. "Loo. Ni mbali sana. Haya, asante sana. Nitapumzika."

Redio ikazimika.

Mbali sana?

Rula alimkodolea macho Fundi. Saa nne na robo ilikuwa saa mbili na nusu tu kutoka hapo. Ni fumbo? Wameonywa? Fundi naye alionekana hajaelewa, lakini uso wa Fundi haukuwa kitu cha kuwekea dhamana.

"Hilo neno lina maana gani?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui. Tangu tuanze tunafika muda uleule. Hajawahi kuniuliza saa."

Njia nzima hadi mpakani Rula alilitafuna neno hilo. Walitua, wakapakia askari kumi na wawili kati ya vifaranga na maua, wakamshusha Fundi, wakapaa tena saa tatu na dakika ishirini. Sajenti aliuliza mara mbili kama mkanda wa kiti chake ni mzima. Shemeji akamjibu kuwa ni mzima, kiti ndicho chenye matatizo.

Dakika arobaini na saba za njia. Shemeji alizunguka mbali, akaja kwa upande wa jua, upande ambao ndege kutoka uwanja mkuu huja. Saa nne na dakika kumi na tano, mgodi ulionekana: mabanda ya bati, mashimo, na mstari wa vumbi.

Kiwanjani hapakuwa na mtu.

"Kila wiki huja kunipokea na gari," alisema shemeji. "Sijapenda hivi."

"Hata mimi. Tua."

Magurudumu yaligonga vumbi. Mlango ukafunguka kabla ndege haijasimama, askari wakamwagika. Rula alikuwa wa pili kutoka.

Land Cruiser nyeusi ilikuwa kivulini, milango wazi, ndani hamna mtu. Walinzi wawili walikuwa wakicheza karata juu ya pipa, wamevua mashati. Bunduki zao ziliegemezwa ukutani, hatua ishirini kutoka kwao. Mmoja alizitazama. Akaondoka mbio.

Rula alipiga risasi moja. Ndoo ya maji iliyokuwa njiani mwa yule mlinzi ikatoboka. Alisimama, akaitazama ikimwaga maji, akalala chini mwenyewe bila kuambiwa.

Ilibaki hema. Rula alilisogelea kwa ubavu, Glock mbele, akapasua pazia kwa mguu.

Mnunuzi alikuwa amelala usingizi wa pono. Suruali imetundikwa, viatu vimepangwa sambamba, miwani imewekwa juu ya kitabu cha kujifunzia Kiswahili. Kando ya kichwa, saa ndogo ya mezani ilikuwa imetegwa iamshe saa kumi jioni.

Rula aliitazama saa ile, kisha kitabu, na neno lililomsumbua angani likajieleza.

Alimgusa dole gumba la mguu kwa mtutu. "Bwana. Ndege imefika."

Mnunuzi alikurupuka. Aliona bastola, askari, pingu. Akanyakua miwani, akatazama saa ya mkononi, nene, ya dhahabu.

"Lakini alisema saa nne!"

"Ndiyo hii," alisema Rula, akimwonyesha Casio.

"Hapana! Hii ni saa kumi! Saa kumi asubuhi!"

Sajenti aligeukia ukutani kucheka. Mtu yule alikuwa amejifunza maneno elfu mbili, salamu zote na majibu yake, akaruka ukurasa mmoja tu: kwamba huku saa ya kwanza ya mchana huhesabiwa jua likishachomoza. Kwake nne ni nne. Ndiyo maana ilikuwa mbali sana.

Thuraya ililia.

"Rula."

"Amevaa pingu, Mkuu. Anavaa suruali sasa."

"Vizuri. Mpima mizigo amefumbua macho. La kwanza kuuliza ni kama tuliipata ya saa mbili."

Rula alifumba macho kidogo. "Mwambie tuliipata. Na mwambie aongee na Mama Lebo, analia."

Alimkuta shemeji ameegemea gurudumu, barua ile mkononi. Alikuwa ameambiwa. Uso wake, uliozoea utani, ulikuwa umenyauka, na kwa mara ya kwanza Rula aliona kuwa anazeeka.

"Kazi ya taifa," alisema. "Nimewabebea wezi vitu vyao kwa miezi mitatu, na kalamu natumia yangu."

"Utahojiwa. Kitabu chako kitakutetea."

"Ulinishuku."

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

Rula hakuhitaji kuangalia Casio. "Dakika ishirini na tano."

Shemeji alitikisa kichwa taratibu. Hakuonyesha kuchukia. Simu ya Rula ya kawaida ikaita kabla hajasema neno. Dada.

"Mdogo wangu, shemeji yako hapokei simu na saa hizi angekuwa ameshatua. Wewe wa ramani, hebu niambie, yuko wapi?"

"Yuko sawa, dada. Leo njia ilikuwa ndefu kidogo. Jioni atakuwa nyumbani."

"Una hakika?"

"Nimepima mwenyewe."

Aliirudisha simu mfukoni, akavaa miwani ya jua, akachukua bamba zilizofungwa kwenye taulo ya kuogea, akaanza kuelekea kwenye Land Cruiser. Kazi yake hapo ilikuwa imekwisha.

"Shemeji!"

Aligeuka nusu.

"Na mimi nilikushuku."

"Kwa muda gani?"

"Miaka sita. Tangu uanze kukataa kila kiti kisichotazama mlango. Karani wa ramani gani huyo?" Aliinua ile barua. "Hii ilipokuja, nilijua nembo ya nani. Nikajua ni wewe umewapa jina langu. Ndiyo maana sikuuliza kitu. Nilifurahi, shemeji. Nikasema kumbe mtoto wetu ananiamini."

Rula alisimama pale kwenye vumbi, taulo kifuani. Sajenti alikuwa akimngoja garini.

Alirudi zile hatua zote, akachukua barua mkononi mwa shemeji, akaikunja mara nne ilivyokuwa, akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Ushahidi," alisema.

Kisha akaenda zake, na safari hii hakuhesabu hatua.